Baba, Nilikusingizia kwa Ajili ya Panja Zangu

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa karakanani, Alhamisi mchana. Umeme umekatika, mafundi wenzangu wamekwenda kula, na mimi nimekalia geti la mtu ambalo halijaisha, karatasi nimeiweka juu ya kipande cha bati. Hatukuwahi kuandikiana barua. Wewe ulikuwa mtu wa simu, tena simu ya kukata kabla mwenzako hajaaga. Leo huwezi kukata. Utanisikiliza mpaka mwisho, na ukishanisikia huenda ukanikasirikia, lakini heri unikasirikie ukiwa unajua.

Keshokutwa Jumamosi ukoo unakutana Kinampanda kumaliza msiba wako. Baba mdogo Gideoni ameshapitisha maneno kwa wazee kwamba kiti chako nikikalie mimi. Yaani mimi Daudi, kitindamimba wako, mchomelea mageti wa Singida Mjini, niliyekuwa nakuja nyumbani Krismasi na wakati wa mavuno, na siku ya tatu nimeshawasha pikipiki. Mimi ndiye niseme shamba lipi lilimwe, ng'ombe yupi atoke, nani aozwe wapi. Na Kaka Elia, mwanao wa kwanza, ambaye hajawahi kulala nje ya boma lako zaidi ya wiki moja, awe anakuja kuniomba ruhusa mimi.

Yote haya yametokana na uongo wangu. Siku ya kunyoa niliwaambia kwamba wewe ulinikataza kunyoa. Hukunikataza. Nilikusingizia, Baba. Ulikuwa na siku tatu tu kaburini, udongo haujakauka, na mimi nikakutia maneno mdomoni mbele ya watu wote. Na sababu yenyewe ina aibu kuliko uongo wenyewe. Sababu ni panja zangu. Nywele zangu za panjani zinaondoka, na sikutaka watu waone.

Cheka tu. Ungekuwa hai ungecheka mpaka ukohoe.

Unakumbuka mwaka ule nilipokuja na dredi mara ya kwanza, fupi bado, zimesimama kila upande? Uliniangalia kuanzia mlangoni mpaka nilipokaa, ukauliza, "Umeugua?" Nikasema hapana. Ukasema, "Basi utaugua." Miaka miwili mizima ulikuwa unaitikia shikamoo yangu huku unaangalia ng'ombe. Mwaka wa tatu ukachoka. Ulichukua kamba ya ndama, ukaipimisha na nywele zangu mbele ya watu wote, ukatangaza kwamba bado kidogo, mwakani zitafaa kufungia dume. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu nilijua umenisamehe.

Nywele hizo ndizo zilizonipa jina mjini. Huku hakuna anayenijua kwa Daudi. Naitwa Rasta, na mageti yangu ni mageti ya Rasta. Mteja akielekezwa anaambiwa aende upande wa Kindai, aulizie fundi mwenye nywele mpaka kiunoni. Miaka kumi na miwili nimezilea. Sasa mtu wa jina hilo akianza kuota kipara, ataitwa nani?

Ilianza kama miaka mitatu iliyopita. Ukiwa unachomelea, cheche hazina adabu, kwa hiyo nilikuwa nazikusanya nywele zote nyuma, nazivuta kwa nguvu, nazikaza kwa ukanda niliokata kwenye tyubu ya tairi, halafu juu yake navaa kinga ya uso. Kila siku hivyo, asubuhi mpaka jioni. Na dredi zenyewe zina uzito wake. Siku moja Zuhura, yule dada anayenisokota saluni, alinishika kichwa akanyamaza. Msusi akinyamaza ujue kuna jambo. Akasema, "Kaka Rasta, hapa pembeni zinaondoka." Nikamwambia ni mba. Akasema, "Mba gani inang'oa mpaka mizizi?"

Tangu siku hiyo sikupata amani. Nimepaka mafuta ya nyonyo, nimepaka habasoda, nimepaka maji ya kitunguu mpaka mtu akinikaribia anauliza kama nimetoka jikoni. Nimevigeuza vioo vya pikipiki, havinionyeshi tena gari la nyuma, vinanionyesha panja. Nikisimama kwenye kituo cha mafuta najiangalia. Nikikutana na mtu ambaye hatujaonana siku nyingi, naangalia macho yake yanatua wapi. Akiangalia juu ya nyusi zangu tu, najifanya nina haraka.

Wala siko peke yangu. Jumapili mchana pale kwa Zuhura tunakuwa wanaume wanne, watano, wote wenye nywele ndefu. Tunabishana mpira, tunazungumzia mvua na bei ya alizeti, tunapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Panja haitajwi. Lakini mmoja akikaa kwenye kiti cha kusokotwa, utasikia sauti inashuka: "Dada, hivi mafuta ya nyonyo yanasaidia mba?" Wote wana mba. Dereva mmoja wa lori la vitunguu anavaa kitambaa kichwani hata akila. Muuza simu mmoja ameachia dredi mbili zianguke pembeni kama pazia, na upepo wa Singida unavyojua kuvuma, siku nzima kazi yake ni kurudisha pazia.

Wewe ungenielewa, Baba, maana nilikuona. Nilikuwa na miaka kama kumi. Ulikuwa umetundika kioo cha kunyolea kwenye msumari wa mlango wa ghala, umekata kitunguu nusu, unajisugua panja huku machozi yanakutoka. Ukageuka ukanikuta nimesimama. Ukasema, "Mba." Mwezi uleule ukaanza kuvaa kofia, na baada ya hapo sikukuona kichwa wazi ila kanisani. Ile picha yako ya ujana uliyopigwa Kiomboi, nywele zimevimba, kichana cha mti kimechomekwa juu, uliitoa ukutani ukaiweka kwenye sanduku. Mama, enzi za uhai wake, alikuwa akitaka kukukera anaitaja tu hiyo picha.

Tungeweza kuzungumza jambo hili, mimi na wewe. Tulikuwa na muda. Badala yake kila mmoja alisugua kitunguu chake kwa siri.

Sasa nije kwenye hospitali.

Kaka Elia ndiye aliyekuuguza miezi minane nyumbani, na wiki ile ulipozidiwa yeye ndiye aliyekuleta hospitali mjini. Akakaa na wewe siku mbili. Daktari akasema unaendelea vizuri. Alizeti ilikuwa imeshakatwa, imelala shambani, na ng'ombe wa watu walishaanza kuingia. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nenda kaka, mimi nipo." Alikuwa hataki. Alifika mlangoni akarudi, akakurekebishia shuka, akafika mlangoni tena akarudi kuniambia uji wako usiwe mzito. Ndipo akaenda. Siku ya nne baada ya yeye kuondoka, saa nne asubuhi, ukatutoka.

Siku moja kabla ya hapo nilikuwa nimeinama nakuwekea mto. Dredi zikakuangukia mkononi. Ukazishika, ukazipima kwa vidole taratibu, ukasema, "Kumbe ni Daudi." Halafu ukasema, "Hizi utazikata siku yangu." Hukuwa na hasira. Ulisema kama mtu anayekumbusha zizi lifungwe. Nikakujibu, "Ndiyo, Baba." Nilikubali kwa mdomo wangu.

Kuna jingine ulilokuwa unalisema siku zile nne. Hilo mkono unakataa kuliandika. Nitajaribu baadaye.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, Shangazi alitandika mkeka nyuma ya nyumba, akaweka beseni la maji na nyembe mpya. Unajua kwetu ilivyo: mtoto aliyefiwa na mzazi anaziacha pale nywele alizolilia, harudi nazo kwenye kazi zake. Kaka Elia alikaa wa kwanza. Alinyolewa macho wazi, anaangalia kaburi. Wakafuata dada zetu, wakafuata wajukuu. Kisha Shangazi akasema, "Daudi mwanangu, njoo." Watu wakageuka wote. Nywele zangu ndizo walizokuwa wanazisubiri, hilo nililiona.

Baba, siku chache kabla, Zuhura alikuwa ameniambia kwamba nikinyoa sasa, katikati zitaota, panjani hazitarudi. Nilisimama pale. Nilifikiria nitakavyoonekana, kichwa cheupe chenye mabonde mawili. Nilifikiria wateja, nilifikiria wale wanaume wa Jumapili watakavyoniangalia kwa huruma. Nilifikiria kila kitu isipokuwa wewe. Nikasikia sauti yangu inasema, "Baba alinikataza. Alizishika hospitalini akasema hizi zibaki."

Ulizishika kweli. Nadhani ndiyo maana uongo ulinitoka vizuri.

Shangazi akaweka wembe chini palepale. Hakuna aliyeuliza swali. Neno la marehemu kwetu halibishiwi, wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo. Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kukubali, na nilipoketi mmoja akanipisha kiti chake. Nilifurahi, Baba. Ndiyo, nilifurahi. Siku hiyohiyo, kabla ya jua kuzama, nilikuwa nimeshawasha pikipiki kurudi mjini na nywele zangu.

Sikujua kwamba nyuma yangu wazee wanaendelea kufikiri. Baba mdogo Gideoni aliwaambia, na wakakubali, kwamba baba asiyesahau hata nywele za mwanawe lazima alimwachia mwana huyo na mambo makubwa. Kama umeniambia la nywele, umeniambia na la boma. Na kama nimenyamaza, ni kwa sababu nina heshima, nasubiri kikao. Jinsi nilivyozidi kunyamaza ndivyo walivyozidi kuamini. Nilimpigia simu baba mdogo nikamwambia sitaki kiti, apewe kaka. Akasema, "Unyenyekevu huo ndio alioupenda baba yako."

Lakini si kiti kinachonikosesha raha. Ni Kaka Elia.

Jumapili ya kwanza alinipigia baada ya ibada. Akasalimia, akauliza kazi, akazunguka huku na huko, mwishowe akauliza, "Daudi, mimi alinisemaje?" Nikamwambia ulikuwa umechoka sana. Akasema, "Sawa." Jumapili ya pili akauliza tena swali lilelile kwa maneno mengine. Jumapili ya tatu hakuuliza. Alisema, "Nimemwosha miezi minane. Nimemgeuza kitandani. Neno akakupa wewe. Sawa." Hilo "sawa" lake ndilo linaloniamsha.

Wiki iliyopita ameniambia kwamba kikao kikiisha anahamia Itigi kwa shemeji yake, akatundike mizinga ya nyuki. Mtu wa miaka karibu hamsini, akaanze maisha porini, kwa sababu anaamini babake alikufa bila kumkumbuka. Na wewe unajua Kaka Elia akishasema anaondoka, anaondoka. Akitoka pale Kinampanda, boma lako litabaki na kufuli tu.

Nikinyamaza, nampoteza kaka. Nikisema, naujua ukoo wetu: aliyemsingizia marehemu haulizwi jambo tena mpaka anazeeka, na watoto wanaambiwa habari zake. Na itabidi niseme sababu. Baba, kusema nilidanganya naona nitaweza. Kusema nilidanganya kwa ajili ya panja, hapo ndipo ninapokwama.

Umeme umerudi. Wenzangu wameshaanza kuita. Nitaendelea nikipata moyo.

*

Baba, leo ni Jumamosi, alasiri, na niko nyumbani kwako Kinampanda. Nimekaa kwenye kizingiti cha ghala. Imekwisha. Karatasi iko juu ya goti, utanivumilia mwandiko.

Nilifika asubuhi nikiwa nimeziachia nywele zote zianguke mbele, zifunike pembeni. Hata leo, na nilichokuja kukifanya, nilizipanga kwenye kioo kabla ya kuingia ndani. Nakueleza ujue mwanao ni mtu wa namna gani.

Sebule ilikuwa imejaa. Kigoda chako cha miguu mitatu kiliwekwa katikati, kitupu. Kaka Elia alikaa karibu na mlango, kofia mkononi, nywele zake ndiyo kwanza zinarudi. Tulisalimiana. Alinipa mkono, hakunipa macho. Baba mdogo Gideoni akaomba, akazungumza kuhusu maisha yako, akakusifia mpaka mambo ambayo hukuyafanya, halafu akanyoosha mkono kwenye kigoda akasema, "Daudi, mwanangu, pita."

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi barabarani, yote yakanikimbia. Nikasema, "Baba hakunikataza kunyoa. Alisema nizikate siku yake. Niliwadanganya."

Baba mdogo akasema, "Rudia." Nikarudia. Akauliza, "Kwa nini?"

Nilizishika dredi kwa mikono miwili nikazivuta nyuma, nikawageuzia upande mmoja, kisha upande mwingine. Nikasema, "Kwa ajili ya hizi. Niliogopa zitaonekana." Shangazi alitoa kicheko kifupi akajiziba mdomo kwa kanga. Mzee mmoja akauliza, "Nywele?" Akauliza tena, "Nywele tu?" Nilikuwa nimejiandaa kulaaniwa. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningechagua laana.

Baba mdogo alisimama. "Umemtia ndugu yangu uongo mdomoni kwa ajili ya kichwa chako?" Alisema mengi baada ya hapo, na yote yalinistahili, sitayaandika. Nilitozwa mbuzi wa kuwaomba radhi wazee, na nikaambiwa kwenye vikao vya ukoo nitakaa mlangoni nikisikiliza mpaka watakaponiita wao. Nikasema nimepokea.

Watu walipotulia Kaka Elia akasema polepole, akiangalia kofia yake, "Kwa hiyo mimi hakunisemea kitu kabisa." Hakuwa anauliza. Alikuwa anafunga hesabu yake na wewe.

Baba, hapo ndipo nilipolisema lile ambalo Alhamisi mkono ulikataa.

Nilimwambia: kaka, alikuwa anakuita wewe. Siku nne zote. Macho yake yalikuwa yameshafifia, na kila nilipokaribia kitanda aliita, "Elia." Mara ya kwanza nilimsahihisha, nikasema ni Daudi, Baba. Akauliza, "Elia yuko wapi?" Nikamwambia uko shambani. Baada ya dakika mbili akaita tena, "Elia." Iliniuma, kaka, sitakuficha. Nimekaa pale sijalala, namlisha kwa kijiko, naitwa jina la mtu mwingine. Mwishowe nikaacha kumsahihisha, nikawa naitika. "Elia, ng'ombe umewanywesha?" Nimewanywesha, Baba. "Elia, umekula?" Nimekula, Baba. Mara moja tu alijua ni mimi, nywele zilipomgusa mkono, na neno hilo moja lililokuwa langu ndilo nililoligeuza. Asubuhi ile aliyotutoka alifumbua macho akaniangalia, akasema, "Elia, sasa nenda kapumzike." Hakusema tena kitu. Nilikunyima neno hilo, kaka, kwa sababu nililionea wivu.

Nilipomaliza, Shangazi alikuwa analia. Kaka Elia alisimama, akatoka nje. Tukasikia anafungua ghala, tukasikia maji yanamiminwa. Akarudi mlangoni na mkasi ule wa kukatia kamba, wembe mkononi. Akaniambia neno moja: "Kaa."

Nikakaa nje pale ukutani, juu ya gunia, mchana kweupe, ukoo mzima umesimama unaangalia. Alizikata dredi kwanza, moja moja, hakuwa na haraka wala huruma. Zilikuwa zinaanguka na uzito wake wote. Miaka kumi na miwili, Baba, iliisha kwa muda wa kuchemsha chai. Kisha akaniloweka kichwa na kuanza kunyoa. Alipofika panjani akasimamisha wembe, akapapasa kwa kidole gumba, akasema, "Hapa hakuna kazi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinikata mahali pawili, damu ikanishukia sikioni, hakuomba radhi na mimi sikulalamika.

Watu walipoanza kuondoka kwenda kula, alishusha sauti. Akasema, "Alisemaje? Sema alivyosema yeye." Nikasema, "Elia, sasa nenda kapumzike." Wembe ukasimama. Akasema, "Tena." Nikasema tena, na safari hii nilijitahidi kuleta sauti yako, ile ya chini, ya kuvuta kidogo mwanzoni mwa jina lake. Akakaa chini kwenye udongo kando ya beseni, mikono ina povu la sabuni, akalia. Hakulia hospitalini alipofika amechelewa. Hakulia kaburini. Leo amelia kwa sauti, mtu mzima, mpaka mbwa akaja kumwangalia. Sikumshika. Niliona sina haki ya kumshika. Nilikaa tu pale kichwa nusu kimenyolewa, na kila aliposema "tena" nilisema tena.

Baadaye alinawa uso, akamalizia upande uliobaki. Kigoda chako hajakikalia bado. Alikichukua sebuleni akakiingiza chumbani kwake, na wazee hawakumzuia. Kuhusu Itigi hajasema kitu, wala mimi sijauliza. Kama amenisamehe sijui. Hajanipa macho bado. Amenipa maji ya kunywa, basi.

Jumatatu nitarudi karakanani na kichwa hiki. Wataniita wanavyotaka. Wale wanaume wa kwa Zuhura nitawaambia ukweli nikiwa bado na ujasiri, maana najua baada ya wiki moja utaanza kuniponyoka. Naogopa kioo, Baba, bado naogopa, sijakuwa shujaa kwa siku moja. Ila hofu kubwa zaidi niliyokuwa nayo miezi miwili hii, ya kuishi na uongo ule, imeniondoka, na leo nimeweza kula.

Nakuahidi jambo moja. Sitakusemea tena. Nikiulizwa Baba alisema nini, nitasema ulichokisema, hata kama hakinihusu mimi, na kama hukusema kitu nitasema hukusema. Nisamehe kama utaweza.

Naishia hapa, Baba, kwa sababu jua linashuka na zizini ng'ombe wameshaanza kulia. Kaka Elia amelala. Alijinyoosha kwenye mkeka pale barazani tangu saa tisa, viatu miguuni, na amelala usingizi ambao nyumba nzima inatembea kwa vidole ili usikatike. Shangazi alitaka kumwamsha awapeleke ng'ombe kunywa. Nimemkataza.

Kwa heri, Baba. Leo nawanywesha mimi, Daudi.